Kufutiwa deni, kubadilisha deni kwa misitu au kuuza hatifungani ya kijani: sisi tuchukue ipi?

Mnaokaa Dar mnakumbuka mwezi wa kumi 2022, mto Ruvu uliposhuka tukaanza mgao wa maji. Kwetu Tabata foleni ya madumu ilikuwa inaanza saa tisa usiku kwenye kisima cha jirani, dumu la lita 20 tulilozoea kununua kwa mia likapanda mpaka mia tano, na mama akawa hamwagi hata tone, maji aliyooshea mboga ndo anamwagilia mchicha, aliyofulia ndo anadekia. Ruvu inaanzia milima ya Uluguru. Kule juu msitu ukikatwa mvua inashuka yote siku moja na tope lake, halafu kiangazi mto unabaki mchanga. Sasa nani anamlipa mtu wa mlimani asikate? Hilo swali limenikaa kichwani tangu ule mgao, na kila nikifuatilia majibu nakutana na neno moja, deni.

Maana hela ya kulinda msitu inatakiwa itoke kwenye bajeti, na bajeti kabla haijagawanywa inakatwa kwanza kulipa madeni ya nje. Ndo hapo watu wakaja na wazo kwamba anayetudai akubali kupunguza au kusamehe, halafu ile hela tungeilipa tuitumie kutunza mazingira. Ni wazo zuri sana kwa macho ya mtu wa Tabata aliyepanga foleni usiku. Shida ni kwamba watu wanachanganya vitu vitatu vinne tofauti na kuviita jina moja, halafu mjadala unakuwa wa kelele. Kwa hiyo naomba niviweke pembeni kwa pembeni, na mwisho nitasema mimi ningechukua kipi na kwa sababu gani.

Kwanza hii ya kubadilisha deni, maana ndo watu hawaielewi.

Tuseme unadaiwa laki moja kwenye daftari la Mangi wa duka la mtaani. Miezi minane imepita, kila ukipita unapita upande wa pili wa barabara, na Mangi ameshakata tamaa. Anakuja mjomba wako anamwambia, nipe deni la huyu kijana kwa elfu kumi na tano. Mangi anaona bora elfu kumi na tano mkononi kuliko laki ya kwenye karatasi, anampa. Kuanzia hapo anayekudai ni mjomba. Mjomba anakuita anakwambia, laki siitaki, ila nataka elfu arobaini uiweke kwenye kuezeka upya nyumba ya bibi inayovuja, na nitakuja kuangalia. Deni limefutika, bibi halowi, Mangi kapata kidogo, na wewe umetumia hela kwa mtu wa nyumbani.

Hivyo hivyo ndivyo ilivyoanza duniani. Thomas Lovejoy wa shirika la uhifadhi la WWF alilitoa wazo 1984, na 1987 Bolivia ikawa ya kwanza. Shirika la Conservation International lilinunua deni la Bolivia la dola 650,000 kwa dola 100,000 tu, na serikali ikaahidi kulinda eneo kubwa kuzunguka hifadhi ya Beni na kuweka mfuko wa dola 250,000 kwa hela ya kwao. Baadaye zikafuata Ecuador, Costa Rica, na huku kwetu Madagascar na Zambia mwishoni mwa miaka ya 80.

Lakini msikilize yaliyotokea Beni, maana yanatuhusu. Serikali ilichelewa karibu miaka miwili kuweka ule mchango wake. Halafu wale Wachimane wanaoishi ndani ya msitu wenyewe hawakuulizwa kitu, dili lilisainiwa mjini, na 1990 watu wa asili wa ukanda ule wakatembea kwa miguu kutoka Trinidad mpaka La Paz, mamia ya kilomita, kudai ardhi yao. Yaani mjomba na wewe mmekubaliana kuezeka nyumba ya bibi na bibi hajui.

Aina ya pili ya kubadilisha deni ni ya serikali kwa serikali, au na kundi la serikali zinazodai, ile Klabu ya Paris. Hapa hakuna Mangi aliyekata tamaa, kuna mkopeshaji anayekubali mwenyewe kwamba sehemu ya deni usinilipe mimi, iingize kwenye mfuko wa mazingira wa nchini kwako. Poland ilifanya hivi mwanzoni mwa miaka ya 90, wakaanzisha mfuko wao wa EkoFundusz. Marekani nayo ilitunga sheria 1998 ya madeni na misitu ya tropiki, na nchi kama Bangladesh, Indonesia na Botswana zikapita humo. Jirani zetu Shelisheli walichukua njia iliyo katikati, 2016 shirika la The Nature Conservancy likawakopesha na kuwatafutia ruzuku, wakanunua deni lao la dola milioni 21.6 la Klabu ya Paris kwa punguzo dogo sana, na wakaahidi kulinda asilimia 30 ya bahari yao. 2020 walitimiza, zaidi ya kilomita za mraba 400,000. Sasa wanalipa kidogo kidogo kwenye mfuko wao uitwao SeyCCAT, ambao unatoa ruzuku kwa wavuvi na vikundi vya kwao kwao. Ukiangalia hesabu utaona deni lenyewe halikupungua kwa maana, kilichobadilika ni hela inaenda wapi na inalipwa kwa muda gani. Mimi naona hiyo sio kasoro, ila mtu asije akakwambia Shelisheli walisamehewa.

Aina ya tatu ndo ile inayotangazwa sana siku hizi, ya mabilioni. Nchi ina yurobondi sokoni, yaani mikopo ya fedha za kigeni iliyouzwa kwa wawekezaji wa nje kama karatasi, bei ya hizo bondi imeporomoka kwa sababu wawekezaji wanaogopa hawatalipwa, basi nchi inakopa mkopo mpya wa bei nafuu wenye dhamana ya taasisi kubwa, inazinunua zile bondi zake kwa bei ya kutupa, na sehemu ya kilichookolewa inaenda baharini au msituni. Belize 2021 walinunua bondi ya dola milioni 553 kwa senti 55 kila dola, deni la nchi likashuka kwa kama asilimia 12 ya pato la taifa, hiyo ni nyingi sana kwa nchi ndogo. Wakaahidi kama dola milioni 4 kila mwaka kwa ajili ya bahari, na wakikwama kwenye hatua walizokubaliana malipo yanaongezeka. Ecuador 2023 wakapiga kubwa zaidi, bondi za dola bilioni 1.6 zikanunuliwa kwa kama milioni 644, kwa ajili ya visiwa vya Galapagos. Gabon mwezi wa nane mwaka huo huo wakafanya la dola milioni 500, la kwanza la aina hiyo bara la Afrika, wiki chache baadae jeshi likapindua serikali iliyosaini. El Salvador 2024 wakafanya la zaidi ya bilioni moja kwa ajili ya mto Lempa.

Zikisomwa hizo namba watu wa huku wanasema na sisi tufanye. Hapo ndo nataka niwe wazi: kwa Tanzania hii ya tatu haitufai, na sio kwa sababu ni mbaya. Haitufai kwa sababu hatuna yurobondi iliyoanguka bei sokoni. Deni letu la nje sehemu kubwa liko kwa taasisi za kimataifa kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, mikopo ya riba ndogo na miaka mingi, na hizo taasisi haziuzi daftari lao kwa bei ya chini. Hakuna Mangi aliyekata tamaa hapa. Faida yote ya Belize ilitoka kwenye ile tofauti kati ya dola na senti 55, sasa sisi tofauti hiyo tutaitoa wapi? Na tungeipata ingekuwa na maana kwamba dunia inaamini tunakaribia kushindwa kulipa, hali ambayo hakuna anayeitaka. Tena dili kama hizi zina gharama zake, wanasheria, mabenki, bima, washauri, wote wanakula kabla kasa hajalindwa.

Sasa tuweke pembeni kubadilisha, tuangalie kufutiwa kabisa.

Hii sisi tumeionja. Mwezi wa kumi na moja 2001 Tanzania ilimaliza masharti ya mpango wa HIPC wa nchi maskini zenye madeni makubwa, tukapata nafuu ya kama dola bilioni 3 ukihesabu malipo yote ya miaka ya mbele, halafu 2006 shirika la fedha la kimataifa (IMF), Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wakafuta tena. Mwalimu Nyerere alishauliza miaka ya 80 kama ni haki kuwaacha watoto na njaa ili madeni yalipwe, na miaka ile ya 2000 jibu likaanza kuonekana kwa macho. Ada ya shule ya msingi ikaondolewa, MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ikaanza 2002. Mdogo wangu aliingia darasa la kwanza mwaka huo, walikuwa zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, wengine wanakaa kwenye matofali, kuna mtoto alikuwa na miaka kumi na mbili ndo anaanza a e i o u. Bibi yangu alikuwa anasimama mlangoni kuwaangalia tu wanavyopita asubuhi. Hela ya deni ilifanya ile kitu, na hakuna mkopeshaji aliyekuja kusema darasa hili lijengwe hapa, sisi wenyewe tulipanga.

Hiyo ndo nguvu ya kufutiwa, hela inaingia kwenye bajeti na nchi inaamua. Udhaifu wake kwa upande wa mazingira ni huo huo. Ukirudi kwenye mkakati wa kupunguza umaskini wa mwaka 2000, vipaumbele vilikuwa elimu ya msingi, afya, maji, barabara za vijijini, kilimo, mahakama na ukimwi. Msitu haumo kwenye orodha. Na nisingewalaumu walioandika, ukiwa na mtoto hana darasa na mti unakatwa Uluguru, utaanza na mtoto. Ila miaka ishirini baadae mtoto huyo huyo ameshakuwa mkubwa yuko Tabata na dumu saa tisa usiku.

Wachumi wa IMF waliandika 2022 wakilinganisha hizi njia, wakasema kwa ujumla ruzuku yenye masharti au kufutiwa deni kwa upana ni bora kuliko kubadilisha, isipokuwa kwenye mazingira fulani. Nakubaliana nao. Nchi iliyoelemewa kweli kweli, inayoshindwa hata mishahara, usiipe kubadilisha deni la milioni kadhaa ukadhani umeisaidia, hiyo inahitaji kufutiwa na mazungumzo ya wadai wote. Ni sawa na mtu ana mikopo ya kausha damu kumi na mbili, ile ya riba kali, wewe unakuja kumsaidia moja na kumwambia apande miti.

Halafu kuna njia ya mwisho, ambayo haihusu kusamehewa hata kidogo lakini inashindana na zile, hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa riba ili kujenga kitu cha mazingira. Hapa tuna mfano wa nyumbani. 2024 mamlaka ya maji Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5, na watu wakanunua mpaka ikazidi, ikafika bilioni 54.7. Mimi nilifurahi sana, shilingi yetu, wawekezaji wa humu humu, mabomba na matanki yanajengwa, na hakuna mtu wa nje anayetuambia fanya hivi. Ila piga hesabu, riba ya asilimia 13.5 kwenye bilioni 53 ni kama bilioni 7 kwa mwaka. Hiyo inalipwa na nani? Na mteja wa maji kwenye bili. Kwa bomba inawezekana kabisa, bomba linaleta maji, maji yanauzwa. Sasa chukua mikoko.

Mwaka jana nilikwenda na jamaa yangu mvuvi mpaka mikokoni upande wa Kunduchi maji yametoka. Unatembea tope linakufika kwenye goti, kuna sehemu ni visiki tu, vimekatwa sawa sawa kwa msumeno urefu wa kiganja, halafu hatua ishirini mbele mikoko imesimama na kwenye mizizi yake kaa wadogo wamejaa kama mchele uliomwagika. Akanionyesha kwa mkono, pale kwenye visiki bahari imekula mchanga mpaka ukuta wa nyumba ya mtu umening'inia. Mikoko ile inalinda nyumba, inalea samaki, inashika tope. Inauza nini? Haina bili. Huwezi kuikopea kwa asilimia 13.5.

Hapo ndo mimi naweka mstari. Kitu cha mazingira kinachoingiza hela, maji ya bomba, umeme wa jua, dampo linalozalisha gesi, hicho kipelekwe kwenye hatifungani, tusipoteze msamaha wa mtu kwa kitu kinachoweza kujilipa. Kitu kisichoingiza hela lakini kikifa tunaumia wote, msitu wa chanzo cha mto, mikoko, matumbawe, hicho ndo cha kubadilishana na deni. Hata bonde la Msimbazi, mradi wake unaendeshwa kwa mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia, tutaulipa sisi na watoto wetu, na sisemi ni kosa maana Jangwani inafurika kila masika na watu wanakufa. Ila vilima vya Pugu mto unakoanzia vinahitaji ulinzi wa kila mwaka, mlinzi, miche, kikundi cha kijiji, na hela ya mkopo huwa inaisha mradi ukiisha.

Biashara ya kaboni, ile ya kulipwa kwa kutunza msitu unaofyonza hewa ukaa, nimeiacha makusudi. Wahadzabe wa Yaeda na vijiji vya milima ya Ntakata kule Katavi wanapata hela ya kweli kutokana nayo, ila ni njia inayotegemea bei ya soko la nje na haihusiani na deni, inataka mada yake yenyewe.

Kwa hiyo kama ningekuwa naulizwa leo, ningesema hivi. Nafasi ya kufutiwa deni kwa upana ikitokea, tuichukue bila kusita na tupiganie mazingira ndani ya bajeti. Isipotokea, na sasa hivi sioni dalili, twende kwenye ile aina ya pili, serikali kwa serikali, deni la nchi moja moja, hata likiwa dogo. Tulipe kwa shilingi. Hilo la shilingi watu wanalipita haraka lakini mnakumbuka 2023 na 2024 dola ilivyoadimika, wafanyabiashara wa Kariakoo wanazitafuta kama dawa, kila dola isiyotoka nje kulipa deni ni nafuu kwa mwagizaji wa mafuta na wa dawa za hospitali pia. Ubaya wake ni kwamba shilingi ikikaa kwenye mfuko bila kuzalisha inaliwa na mfumuko wa bei, kwa hiyo mfuko uwe na mtaji unaowekezwa, inayotumika ni faida.

Na mfuko wa kuanzia tunao. Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki uko Morogoro tangu 2001, ulipewa mtaji wa dola milioni 7 kutoka mfuko wa mazingira wa dunia kupitia Benki ya Dunia, unahudumia Uluguru, Usambara, Udzungwa na milima mingine, na unatoa hela kwa vikundi vya vijijini na kwa hifadhi. Hatuna haja ya kuanzisha kitu kipya chenye ofisi ya vioo Masaki, na mkurugenzi, na magari. Deni likibadilishwa liongezee mtaji pale, mwenye kutaka kukagua akague.

Jambo la mwisho ambalo ningeligomea ni la Beni. Nilipanda Uluguru mwaka jana kupitia Kinole, ile barabara ya ndizi na viungo, nikakaa na mzee mmoja nje kwake tukila fenesi. Shamba lake linaishia pale msitu wa hifadhi unapoanzia, kijito kinapita katikati, amekiachia mita kama thelathini kila upande halimi kitu. Nikamwuliza nani alimwambia aache. Akasema, "Hakuna, ila nikilima hapa kinakauka, nimekiona cha jirani." Halafu akaniuliza, "Na wewe mwanangu huko Dar maji ya hiki kijito mnanunua dumu shilingi ngapi?" Nikamwambia mia tano mwaka ule wa mgao. Akanyamaza kidogo akasema yeye kwa zile mita thelathini hajawahi kupata hata mia. Upande ule wa Kibungo Juu miaka ya nyuma mashirika ya CARE na WWF yaliwahi kuendesha mpango wa kuwalipa wakulima wanaotengeneza matuta na kupanda miti ili mto usichafuke, na wakulima walifanya, kazi ikaonekana, kisha mradi ukaisha kama miradi inavyoisha.

Kwa hiyo siku mkataba wa kubadilisha deni ukija mezani, mimi kabla ya kuangalia ni dola ngapi nitatafuta mzee huyu kapewa ukurasa wa ngapi. Kijiji chake kimetajwa, anapata kiasi gani kwa mwaka, analipwa na nani, mpaka mwaka gani, na alikuwepo kwenye kikao au aliletewa taarifa.